Mawe ya Mtaro

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Shabaha alifagia uwanja, akachota maji bombani, akajaza pipa la jikoni, kisha akajaza mawe mfukoni. Jina la Shabaha hakupewa na wazazi wake. Alipewa na watoto wenzake wa Mtaa wa Chini, kwa sababu mkono wake haukukosea. Kopo lililowekwa juu ya ukuta aliliangusha kwa jiwe moja, yeye akiwa upande wa pili wa barabara. Na mawe hayo hakuyabeba kwa mchezo. Shule ilikuwa ng'ambo ya daraja, na daraja lilikuwa mpaka wa vita.

Mji wao ulikuwa mdogo, pembezoni mwa jiji kubwa, mji wa watu wanaolala huku na kufanya kazi kule. Mtaa wa Juu ulikaa mlimani, Mtaa wa Chini ulikaa bondeni. Katikati ulipita mtaro wa udongo, mpana, wenye kina, usio na kuta wala kifuniko. Mvua iliponyesha, maji yote ya Juu yaliteremka na takataka zake, yakabomoa kingo, yakaingia vyumbani mwa watu wa Chini bila hodi. Masika yaliyopita yalimchukua mtoto wa fundi cherehani akiwa anachezea mlangoni kwao. Walimpata chini kabisa, amenasa kwenye matawi, hana uhai.

Tangu siku hiyo watu wa Chini walisema watu wa Juu ni wauaji. Watu wa Juu nao wakasema watu wa Chini ni wazembe, hawajui kuchunga watoto wao. Watoto wa pande zote waliyasikia maneno hayo nyumbani wakila, wakatoka nayo nje, wakayageuza mawe.

Mawe hayakuwa haba. Kando ya daraja lilikuwapo rundo kubwa la mawe ya ujenzi. Manispaa iliyaleta kabla ya uchaguzi uliopita, ikaahidi kuujengea mtaro kuta. Uchaguzi ukapita, mawe yakabaki, nyasi zikaota juu yake. Kila mwezi rundo lilipungua, na si kwa sababu ya ujenzi.

Asubuhi hiyo Shabaha alikuwa na Kibogoyo, jirani yake anayesoma naye darasa moja. Kibogoyo naye alikuwa na jina lake halali, lakini tangu jiwe la Mtaa wa Juu limng'oe jino la mbele, hakuna aliyelikumbuka.

"Vyura haoo!" sauti zilipaa kutoka upande wa pili wa daraja. "Vyura wa bondeni, leo mmeoga matope?"

"Yenu hayo matope!" Kibogoyo alijibu, hewa ikipenya kwenye pengo. "Mnajisaidia juu tunaokota chini!"

Jiwe la kwanza likapita juu ya vichwa vyao. La pili likamgonga Kibogoyo begani. Shabaha hakupiga kelele. Alichagua jiwe, akalipima kiganjani, akalirusha. Mvulana mmoja mrefu wa Juu akapiga yowe na kuanguka, ameshika kifundo cha mguu, damu ikichuruzika kwenye soksi yake nyeupe. Wenzake wakatawanyika.

"Mwanangu wewe!" Kibogoyo alimpiga mgongoni kwa furaha. "Mkono huo ukakatiwe bima!"

Shabaha akacheka. Akavuka daraja kifua mbele, kama mtu aliyefanya jambo la maana.

Shabaha aliishi na shangazi yake, dada wa baba. Mtaa mzima ulimwita Mama Sindano, maana alikuwa muuguzi wa zahanati tangu ujana hadi kustaafu, na mji mzima ulikuwa umepita chini ya sindano yake. Sasa alikuwa anagombea umeya. Jioni hiyo alikuwa mezani anabishana na katibu wake wa kampeni, kijana mwembamba mwenye simu mbili na haraka nyingi.

"Mama, tuanze na lami," Katibu alisema. "Watu wa Juu ni wengi, na watu wa Juu wanataka lami. Mpinzani wetu Mkandarasi ameshawaahidi."

"Kipaumbele cha kwanza ni mtaro," Shangazi alijibu huku akikunja nguo. "Cha pili ni taa za barabarani, watu wanakabwa gizani. Cha tatu ni kuzoa taka. Lami ije baadaye."

"Basi ahidi vyote kwa pamoja! Ahadi hailipiwi kodi."

"Kijana, mgonjwa akiletwa anavuja damu, huanzi kumkata kucha. Hata kama ndugu zake wote wanataka kucha."

Katibu akashusha pumzi. Shangazi akachukua sketi ya shule ya Shabaha ili aikunje, ikamponyoka kwa uzito. Mawe mawili yakabingirika sakafuni.

"Haya ndiyo masomo mnayofundishwa siku hizi?" alimuuliza Shabaha aliyekuwa mlangoni.

"Shangazi, wao ndio wanaoanza."

"Nimeshona vichwa vya watu miaka mingi," Shangazi alisema kwa upole, na upole wake uliogopesha kuliko ukali. "Kila niliyemshona aliniambia mwenzake ndiye aliyeanza. Uzi uliniishia, aliyeanza sijaletewa mpaka leo. Kesho utayarudisha ulikoyatoa."

"Ndiyo, Shangazi," alijibu Shabaha. Lakini moyoni alisema, mimi sipigi kichwa. Mimi nalenga.

Mkutano mkubwa wa Mama Sindano ulifanyika Jumamosi, kando ya daraja, ili watu wa mitaa yote miwili wafike. Walifika kweli, ila kila upande ulisimama upande wake, wakitazamana kama majogoo. Shangazi hakuwa na jukwaa, alisimama juu ya meza ya jikoni. Nyuma yake lilitandazwa bango la kitambaa lenye picha yake. Hakuwa na kipaza sauti, ila koo lake la wodini lilimtosha.

"Maji hayaulizi mtu anakaa mtaa gani," alianza. "Leo yanamzoa mtoto wa Chini. Kesho kingo zikibomoka, daraja litaanguka, na watoto wa Juu ndio watakaokuwa juu yake. Nataka niwaeleze tutakavyoujenga mtaro huu..."

Hapo hapo ngurumo ya muziki ikafunika maneno yake. Gari dogo la mizigo lilikuwa limeteremka kutoka Juu na kuvuka daraja, likiwa na spika mbili za bati kama maua makubwa juu ya paa. Nyuma, na kipaza sauti mkononi, alikaa Spoki, mtengeneza baiskeli wa kona ya Juu. Mkandarasi alikuwa amemkodi kwa siku hiyo, kwa kuwa mdomo wake ulijulikana mji mzima. Spoki hakuwa na adui. Baiskeli ya mtoto wa Juu aliitengeneza, ya mtoto wa Chini aliitengeneza, na wote aliwatania sawasawa.

"Mama Sindano, tunakupenda!" spika zilinguruma. "Lakini sindano zako zinauma, mama! Sisi wengine makalio yetu hayajasahau! Mkandarasi analeta lami, mama analeta matope!"

Watu wa Juu walicheka. Baadhi ya watu wa Chini walicheka pia, wakaziba midomo. Shangazi alifungua kinywa, akafunga, akafungua tena. Hakuna aliyemsikia.

Shabaha alikuwa amesimama penye rundo la mawe. Damu ilimchemka. Shangazi yake hakulala usingizi mzuri wiki nzima akiyapanga maneno yale, na sasa bati linamzomea! Akainama, akaokota jiwe la mviringo. Hakumlenga Spoki. Hakulenga mtu yeyote. Alilenga spika, ili inyamaze.

Jiwe likaondoka. Wakati huo huo gurudumu la gari likatumbukia shimoni, gari likayumba, spika ikainama. Jiwe likagonga ukingo wa bati, likalia kama kengele, likageuza njia, likampiga Mama Sindano juu ya jicho.

Shangazi alianguka kutoka mezani kama gunia. Kilio kimoja kikatoka kwenye vifua vya watu wote.

"Nani?" Katibu alipiga kelele, macho yamemtoka. "Nani katupa?" Akamwona Shabaha karibu na rundo, akamshika mabega. "Wewe ulikuwa hapa, umeona. Limetoka garini, siyo? Sema! Limetoka garini?"

Watu walimgeukia Shabaha, wanasubiri. Angeweza kusema hapana, neno moja tu. Badala yake alitikisa kichwa kukubali. Na mkono wake ule usiokosea ukanyooka wenyewe, kidole kikaelekea garini.

Hapo dunia ikageuka.

Wanaume wa Chini waliliendea gari kama nyuki. Dereva alifungua mlango akakimbia. Kioo cha mbele kikapasuka, kisha cha pembeni. Walimshika Spoki mguu, wakamvuta kutoka nyuma ya gari, kichwa chake kikagonga chuma. Kipaza sauti kilimponyoka, kikaning'inia kwa waya wake.

"Jamani, mimi mtu wa baiskeli tu!" Spoki alilia. "Nimewakosea nini?"

Mtu mmoja akampiga teke la mbavu. Mwingine akampiga kwa mguu wa meza, Spoki akakinga kwa mkono, na mlio wa mfupa ukasikika waziwazi, kama kijiti kikavu. Watu wa Juu walipoona hivyo wakavuka daraja kumwokoa mtu wao. Sasa kila mkono ulikimbilia rundo. Mawe yaliruka pande zote. Mama mmoja alipita akilia, damu imemlowanisha kitambaa cha kichwani. Kibanda cha muuza vocha kikasukumwa kikalala chali. Kibogoyo alikuwa amejikunja kando ya meza iliyovunjika, ameshika kichwa.

"Mtupeni mtaroni!" sauti moja ilipaa juu ya nyingine zote. "Na yeye aonje!"

Ilikuwa sauti ya fundi cherehani. Mtu yule mpole, ambaye tangu amzike mwanawe hakuzungumza ila kwa kunong'ona, alikuwa ameinua jiwe kubwa kwa mikono miwili. Walimburuta Spoki hadi ukingoni, wakamsukuma. Akabingirika mpaka chini, akalala kwenye tope, mkono mmoja umepinda vibaya. Fundi cherehani akasimama juu yake ukingoni na jiwe lake.

"Siyo yeye!" Shabaha alipiga kelele. Nani angemsikia? Akamkimbilia Katibu, akamvuta shati. "Ni mimi! Nimetupa mimi, nililenga spika! Waambie wamwache!"

Katibu alimtazama. Polepole akili ikamrudia usoni, na haikuwa akili njema. Akamziba mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza," alimnong'oneza. "Ukisema hilo, shangazi yako amekwisha. Mpwa wa mgombea kampiga mgombea! Ukinyamaza, jeraha lile ni kura. Mji mzima utamwonea huruma. Unampenda shangazi yako au humpendi?"

Alimpenda. Baada ya wazazi wake kufariki, hakuwa na mtu mwingine. Lakini kupitia vidole vya Katibu alimwona fundi cherehani akiliinua jiwe juu ya kichwa chake. Shabaha akauma kiganja kile kwa nguvu zote. Katibu akaruka. Shabaha akapita katikati ya miguu ya watu, kiwiko kikampiga puani, akaendelea, akakifikia kipaza sauti kilichokuwa kinaning'inia.

"Mwacheni!"

Spika za bati, moja imebonyea, zilitoa sauti hiyo juu ya mji mzima. Watu wakashtuka.

"Jiwe nimelitupa mimi! Mimi, Shabaha, wa nyumbani kwa Mama Sindano! Nililenga spika, likaruka likampiga Shangazi. Spoki hakutupa kitu. Nilidanganya! Nimewadanganya nyote!"

Fundi cherehani aliganda na jiwe lake juu. Akatazama chini mtaroni. Huenda alimwona Spoki, huenda alimwona mwingine aliyewahi kulala palepale. Jiwe likamponyoka, likaangukia pembeni, likajizika topeni.

Kisha hasira, ambayo haipendi kukaa bila kazi, ikamtafuta mwenye jiwe. "Kumbe ni wewe, mtoto wa nyoka!" Mwanamume mmoja alimzaba Shabaha kofi lililomwangusha. Akainua mkono tena.

"Atakayemgusa tena aanze na mimi."

Mama Sindano alikuwa amesimama. Nusu ya uso wake ilikuwa damu tupu, jicho moja limefumba, lakini sauti ilikuwa ileile iliyowahi kuwatuliza watu wazima wanaoogopa sindano. Yule mtu akashusha mkono. Shangazi hakumtazama hata Shabaha. Alivuta lile bango lenye picha yake, akalichana katikati, akateremka mtaroni akijishika kwa udongo. Alikuwa amechukua vipande viwili vya mbao za meza iliyovunjika, akaunyoosha mkono wa Spoki taratibu, akaufunga kwa uso wake mwenyewe uliochapwa kwenye kitambaa.

"Pole, mwanangu. Vumilia. Nimekuumiza?"

"Si nilisema," Spoki alisema kwa midomo iliyovimba, machozi yakimtoka. "Mama huyu anauma."

Hakuna aliyecheka. Lakini mawe yalianza kuanguka kutoka mikononi, moja moja, kama matone ya mwisho ya mvua. Askari walifika wakakuta watu wanatazama viatu vyao.

Kesho yake Shangazi alikuwa na nyuzi juu ya jicho na Shabaha alikuwa na shavu lililofura. Katibu alikuja na kiganja kilichofungwa bandeji.

"Kura zetu zimekwenda na maji," alisema kwa uchungu.

"Zimekwenda," Shangazi alikubali. "Na wewe nenda nazo. Mtu anayeona mwenzake anauawa akahesabu kura, simhitaji ofisini kwangu, nikishinda au nikishindwa."

Katibu alipoondoka, Shabaha alipiga magoti. "Shangazi, nimekuharibia."

"Umeniharibia," alisema Shangazi, maana hakuwa mtu wa kupaka mafuta kwenye kidonda kichafu. "Simama. Tunakwenda."

Walivuka daraja hadi Mtaa wa Juu, watu wakiwachungulia madirishani. Mama yake Spoki alifungua mlango, akasimama akiuziba.

"Umekuja kuomba kura kwa mgonjwa?"

"Nimemleta mwenye jiwe, dada yangu. Kura zako kaa nazo."

Spoki alikuwa kitandani, mkono umefungwa plasta, jicho limeziba. Shabaha alitaka kusema maneno aliyoyapanga njiani, yote yakampotea. "Nilikunyooshea kidole na hukuwa wewe," alisema, akaanza kulia. "Nisamehe, kaka."

"Unajua kilichoniuma zaidi?" Spoki aliuliza. "Wengi walionipiga, baiskeli zao nimezitengeneza mimi. Walinijua kwa jina. Kidole chako kikawasahaulisha." Akajigeuza kwa shida. "Halafu shabaha gani hiyo? Unakosa gari zima, unampata mgombea wako mwenyewe!"

Mama yake akajaribu kukunja uso, akashindwa. Siku ile walikubaliana kwamba kila akitoka shule, Shabaha atakuwa mkono wa kulia wa Spoki pale kona, mpaka mfupa uunge.

Waliporudi, Shangazi alisimama darajani. Mawe yalikuwa yametapakaa kila mahali, mengine na madoa ya kahawia.

"Kila lililotupwa lirudi," alisema, akakunja mikono ya gauni.

Walianza wawili tu. Watu walipita wakiguna. "Mgombea kawa mzoa mawe!" alisema mmoja. Kibogoyo alikuja, kichwa kimefungwa kitambaa, akaokota bila kusema. Kisha kutoka Juu akaja yule mvulana mrefu, anachechemea. Shabaha alipomwona alisimama na jiwe mkononi. Mvulana naye akasimama. Shabaha akalipeleka jiwe lake mpaka kwenye ukingo wa mtaro, akaliweka chini. "Samahani ya mguu," alisema. Mvulana akajibu, "Jino la huyo ni langu," akimwonyesha Kibogoyo kwa kidevu. "Basi nirudishie!" Kibogoyo alidakia, na kwa mara ya kwanza daraja lile likasikia watoto wa pande mbili wakicheka pamoja.

Mchana alikuja mwashi mmoja wa Juu. Aliwatazama wanavyorundika, akashindwa kuvumilia. "Hivyo siyo! Mawe hayarundikwi, yanapangwa. Lipi la msingi?"

Ndipo fundi cherehani alipotokea. Hakumwangalia mtu. Aliteremka mtaroni, akalichimbua kwa mikono lile jiwe kubwa lililojizika topeni, akalikumbatia, akalibeba mpaka mwashi alipoonyesha. Akaliweka hapo. Akabaki ameinama juu yake, mabega yakimtikisika, na hakuna aliyemharakisha.

Kufikia mwisho wa wiki, watu wa Juu na wa Chini walikuwa wamejenga kuta za kipande cha mtaro kando ya daraja. Kilikuwa kifupi, lakini mvua ya kwanza ya masika iliponyesha, maji yalifika pale yakinguruma, yakakutana na mawe, yakatii. Watu walisimama mvuani kuyatazama yakipita kama wageni rasmi.

"Shangazi," Shabaha aliuliza, maji yakimtiririka usoni, "kura zitarudi?"

"Sijui. Zikienda na maji, angalau sasa zina pa kupitia." Shangazi akacheka, kisha akamshika mkono ule wa kulia, akaufungua kiganja. "Sikiliza, mwanangu. Jiwe lako lilinipasua unyusi, na unyusi umeunga. Kidole chako kilikaribia kuua mtu asiye na kosa, na hicho hakina uzi wa kukishona ila ukweli. Ukausema ukweli huo mbele ya mji mzima, kwa hasara yako na yangu. Siku ile ndipo ulipolenga vizuri kuliko siku zote. Mawe ni yaleyale na mikono ni ileile: ukiwa na uongo vinabomoa, ukiwa na ukweli vinajenga. Usisahau."

Shabaha akaingiza mkono mfukoni. Jiwe moja lilikuwa limebaki humo tangu siku za vita vya mawe. Akashuka ukingoni, akatafuta tundu lililoachwa kati ya mawe mawili makubwa, akalisukumia humo mpaka likakaza.